Mbona Mgonjwa Wetu Haamki? Mchochota Mkali na Dawa za Usingizi katika Chumba cha Wagonjwa Mahututi



Wagonjwa wengi wa milima ya Usambara hutibiwa na kupona hapo hapo mlimani, ama katika Hospitali ya Wilaya ya Lushoto, ama Bumbuli, ama katika vituo vya afya vilivyo jirani nao. Lakini mtu anaposhindwa kupumua kwa nguvu zake mwenyewe, aghalabu hupewa rufaa. Gari la wagonjwa huteremka kona za Soni hadi Mombo, kisha hushika njia ya Korogwe na Tanga kuelekea Hospitali ya Bombo, au njia ya Moshi kuelekea KCMC. Wengine hufika hadi Muhimbili, Dar es Salaam.

Huko ndugu hukutana na jambo ambalo wengi wao hawajapata kuliona. Mtu wao amelala, bomba limepita kinywani hadi katika koo la hewa, mashine inampulizia pumzi, na dawa ya usingizi inaingia mshipani kidogo kidogo usiku na mchana. Siku ya nne au ya tano daktari husema, “Hali inaanza kutengemaa. Dawa ya usingizi tumeisitisha leo asubuhi.” Familia hukaa ikingoja macho yafumbuke. Jua huzama, hayajafumbuka. Kesho yake adhuhuri, bado.

Hapo ndipo minong’ono huanza. Mmoja husema kwamba mgonjwa amezidishiwa dawa. Wa pili hudhani kwamba amekwisha kufariki na wanafichwa. Wa tatu hushauri arudishwe nyumbani akafie mikononi mwa watu wake. Maneno haya huzaliwa na mapenzi na hofu, nasi hatumlaumu anayeyasema. Ila uamuzi wa haraka unaofanywa juu yake huweza kumgharimu mgonjwa uhai wake.

Katika makala haya tunaeleza sababu mojawapo kubwa inayomfanya mgonjwa mahututi achelewe kuamka: ugonjwa wenyewe hupunguza uwezo wa mwili wa kuiondoa dawa ya usingizi. Kisha tunaonyesha yale ambayo ndugu wanaweza kuyauliza, kuyasema na kuyaepuka.

Kwa nini mgonjwa mahututi hulazwa usingizi

Bomba la kupumulia linauma na linakera. Mtu aliye macho kabisa huweza kukohoa, kushindana na mashine, au kulivuta bomba na kujidhuru. Kwa hiyo hupewa dawa za kutuliza maumivu, kama mofini au fentanili, na inapohitajika hupewa pia dawa za usingizi. Zinazotumika sana ni midazolamu, diazepamu, propofoli na ketamini. Usingizi huu hutofautiana na ule wa nusukaputi wa chumba cha upasuaji, ambao huisha baada ya saa chache, kwa kuwa katika chumba cha wagonjwa mahututi dawa huweza kutolewa kwa siku kadhaa mfululizo, tena kwa mwili ambao tayari umezidiwa na maradhi.

Dawa huingia, dawa hutoka

Fikiri juu ya bwawa dogo ambalo mkulima wa mboga amelichimba upande wa juu wa bustani yake. Maji huingia kwa mfereji utokao kijitoni, na hutoka kwa mlango wa chini. Iwapo yaingiayo na yatokayo yanalingana, kimo cha maji hakibadiliki. Sasa takataka zikiuziba mlango wa chini, ilhali mfereji wa juu unaendelea kama kawaida, maji yatapanda. Na hata mkulima akiufunga mfereji wa juu, maji yaliyokwisha kujaa yatachukua muda mrefu kuisha.

Mwili nao ni vivyo hivyo. Dripu ni mfereji wa juu. Mlango wa chini, kwa dawa nyingi za usingizi, ni ini. Ndani ya ini mna vimeng’enya, yaani protini ambazo kazi yake ni kuzivunjavunja dawa na kuzigeuza ziwe vitu ambavyo figo zinaweza kuvitoa kwa mkojo. Kimoja kati ya vimeng’enya hivyo hujulikana kitaalamu kama CYP3A4. Hicho ndicho kinachobeba mzigo mkubwa wa kuivunja midazolamu, na husaidia pia kuivunja diazepamu.

Kwa mtu mzima mwenye afya njema, kiasi cha midazolamu katika damu kwa kawaida hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hadi 3 hivi. Diazepamu hukaa zaidi: kupungua kwake kwa nusu huchukua siku moja hadi mbili, na moja ya mazao yake, ambalo nalo huleta usingizi, huweza kudumu mwilini kwa siku kadhaa. Makadirio haya yalipatikana kwa watu wenye ini linalofanya kazi yake barabara. Mgonjwa mahututi mara nyingi hayumo katika kundi hilo.

Mchochota ni nini

Mtu akijikata kwa panga akifyeka shamba, baada ya muda mahali pale huvimba, huwa pekundu, hupata joto na huuma. Hali hiyo wataalamu huiita mchochota. Ni njia ya mwili kupeleka askari wake mahali palipovamiwa, na bila hiyo kidonda kidogo kingeweza kutuua.

Tatizo hutokea mchochota unapouenea mwili mzima. Kichomi kikali, malaria kali, maambukizi yaliyosambaa katika damu, kuungua sehemu kubwa ya mwili, ajali mbaya au upasuaji mkubwa huweza kuleta hali hiyo. Wazee wa Lushoto wanaikumbuka tauni, iliyozuka wilayani humo mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20. Vijidudu vyake vilipoingia katika damu, mwili wote uliwaka kwa saa chache. UVIKO-19 nao uliwaonyesha watu wa dunia nzima jinsi mchochota unavyoweza kuendelea kuuchoma mwili hata virusi vinapoanza kupungua.

Katika mchochota wa aina hii, chembe za kinga hutoa ndani ya damu protini ndogo ziitwazo saitokini. Hizi ni kama mbiu ya mgambo: kila kiungo kinachoisikia hubadili mwenendo wake. Mojawapo huitwa intalukini-6, na ini huitii kuliko viungo vingi.

Ini linapobadili kazi

Moto unapozuka katika msitu, wanakijiji huacha majembe na kukimbilia kuuzima. Wanapokuwa huko, mashamba hayalimwi na magugu huota. Wanakijiji hawa si wavivu. Wameitwa kwenye kazi iliyo ya haraka zaidi.

Ini hufanya hivyo hivyo. Likipata wito wa saitokini, huanza kutengeneza kwa wingi protini za kujihami. Moja ya protini hizo ni CRP, ambayo hupimwa kwa damu kidogo tu. Kwa mtu mwenye afya, CRP kwa kawaida huwa chini ya miligramu 10 katika lita moja ya damu. Kwa mgonjwa mwenye maambukizi makali huweza kupanda hadi 200, 300 au zaidi. Wakati huo huo ini hupunguza utengenezaji wa vimeng’enya vya kuvunja dawa, CYP3A4 kikiwamo. Vile vya zamani huchakaa, vipya haviji kwa kasi ile ya awali, na mlango wa chini wa bwawa huanza kuziba.

Mambo mawili hufuata. Kwanza, kipimo cha dawa kilichofaa siku ya kwanza huweza kuwa kikubwa mno siku ya tatu, ingawa hakuna mtu aliyekiongeza. Pili, mchochota unapopoa, vimeng’enya havirudi siku hiyo hiyo. Huhitaji muda kutengenezwa upya, na mgonjwa huendelea kulala ijapokuwa homa imekwisha kushuka.

Ushahidi umetoka wapi

Mfano wa kwanza unaihusu milima yetu wenyewe. Katika Usambara ya Mashariki, wilayani Muheza, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902, na miongoni mwa miti waliyoipanda ni msinkona, ambao magome yake hutoa kwinini. Katika Vita Kuu ya Kwanza, dawa za Ulaya zilipokuwa haba kwa sababu njia ya bahari ilifungwa, kwinini ilitengenezwa hapo hapo Amani kwa ajili ya askari. Kwinini si dawa ya usingizi, lakini kimeng’enya kinachoivunja ni kile kile CYP3A4. Watafiti waliopima kwinini katika damu ya wagonjwa wa malaria waliona kwamba kadiri ugonjwa ulivyokuwa mkali, ndivyo mwili ulivyoiondoa dawa polepole, na mgonjwa alipopata nafuu kasi ilirudi. Ndiyo maana miongozo ya Shirika la Afya Duniani iliwaelekeza waganga wapunguze kipimo cha sindano ya kwinini kwa theluthi moja baada ya saa 48, ikiwa mgonjwa wa malaria kali hajapata nafuu au figo zake zimedhoofu. Siku hizi dawa ya kwanza ya malaria kali ni sindano ya atesuneti. Utafiti mkubwa uliothibitisha kwamba inaokoa watoto wengi kuliko kwinini ulitangazwa mwaka 2010, na Hospitali ya Teule huko Muheza ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoshiriki.

Mfano wa pili ni wa Seattle, nchini Marekani. Mwaka 1980, wakati wa mlipuko wa mafua makali, watoto 11 waliokuwa wakitumia teofilini kwa ajili ya pumu walipata dalili za kuzidiwa na dawa hiyo. Watoto hao walikuwa wakitumia kipimo kile kile walichokizoea. Kilichobadilika kilikuwa miili yao, ambayo kwa sababu ya maradhi iliacha kuiondoa dawa kwa kasi ya kawaida.

Mfano wa tatu unaigusa dawa ya usingizi yenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa Uholanzi walitangaza matokeo ya kupima midazolamu katika damu ya watoto 83 waliokuwa mahututi. Walikadiria kwamba mtoto mwenye CRP ya miligramu 300 kwa lita aliiondoa midazolamu kwa kasi iliyo pungufu kwa asilimia 65 kuliko mtoto mwenye CRP ya 10. Viungo vilivyoshindwa kufanya kazi vilipokuwa vitatu badala ya kimoja, kasi ilipungua zaidi.

Tuliweke hilo katika hesabu rahisi. Mwili uliokuwa ukiondoa sehemu 100 za dawa sasa unaondoa sehemu 35 kwa muda ule ule. Dripu isipopunguzwa, kiwango cha dawa katika damu hatimaye hupanda hadi kukaribia mara 3. Na dripu ikifungwa, dawa iliyotarajiwa kupungua kwa nusu kila baada ya saa 3 huchukua saa 8 au 9 kupungua kiasi hicho. Bwawa limejaa zaidi, na maji yanatoka polepole zaidi. Hivyo ndivyo saa zinavyogeuka kuwa siku. Hesabu hii ni ya wastani, na mgonjwa mmoja hutofautiana na mwingine, lakini inatosha kuonyesha kwamba usingizi mrefu huweza kutokea hata pale kipimo kilipotolewa kwa mujibu wa mwongozo.

Sababu nyingine zinazochelewesha kuamka

Tungekosea kama tungemwachia msomaji dhana kwamba kila anayechelewa kuamka anachelewa kwa sababu ya mchochota na ini. Zipo sababu nyingine, na baadhi zinahitaji tiba ya haraka.

Figo zikishindwa kufanya kazi, mazao ya midazolamu na ya mofini hurundikana, nayo yana uwezo wa kuleta usingizi. Shinikizo la damu likishuka mno, ini hupata damu kidogo na hufanya kazi kidogo. Sukari ikishuka, mgonjwa hupoteza fahamu. Ubongo wenyewe huweza kuwa umeathirika kwa malaria, uti wa mgongo, kiharusi, degedege lisiloonekana kwa macho, au kukosa oksijeni kabla ya kufika hospitali.

Dawa nyingine nazo huingilia kazi ya kimeng’enya hiki. Erithromaisini, klaritromaisini, flukonazoli na ritonaviri hukizuia, hivyo huongeza usingizi. Rifampisini ya kifua kikuu, pamoja na kabamazepini, fenitoini na fenobabitali za kifafa, hukichochea, hivyo mgonjwa huweza kuhitaji dawa zaidi ya wengine. Matumizi ya muda mrefu ya pombe, iwe ya miwa ya nyumbani au ya dukani, nayo hubadili jinsi mwili unavyoipokea dawa ya usingizi.

Aidha, dawa zote hazifanani. Lorazepamu na mofini huvunjwa kwa njia nyingine ambayo mchochota hauigusi sana. Kwa hiyo majibu yanayomhusu mgonjwa wa jirani yako wodini hayawezi kuwa majibu ya mgonjwa wako.

Madaktari na wauguzi hufanya nini

Kanuni inayokubaliwa sasa katika tiba ya wagonjwa mahututi ni kutuliza maumivu kwanza, kisha kutoa dawa ya usingizi kwa kiasi kidogo kinachotosha, isipokuwa pale ambapo ugonjwa unadai usingizi mzito. Muuguzi hupima kina cha usingizi mara kwa mara: humwita mgonjwa kwa jina, humgusa bega, huangalia kama anafumbua macho. Mara nyingi dawa hupunguzwa au husimamishwa kwa muda kila siku ili ionekane mgonjwa amefikia wapi. Muuguzi anapofanya hivyo, asidhaniwe kuwa anamsumbua mgonjwa.

Mgonjwa asipoamka kwa wakati uliotarajiwa, daktari hupima sukari, figo, ini, hewa na chumvi za mwili, huyachunguza macho na miguu, na panapohitajika huomba picha ya ubongo. Ipo dawa inayoweza kukata nguvu za midazolamu na diazepamu, lakini haitumiki ovyo, kwa kuwa huweza kusababisha degedege, na nguvu zake huweza kuisha kabla dawa ya usingizi haijaisha.

Jambo jingine ni zito zaidi. Daktari mwangalifu hatangazi kwamba ubongo hauna matumaini ilhali dawa ya usingizi ingalimo mwilini kwa kiasi cha kutosha kumlaza mtu. Husubiri. Subira hiyo huwauma ndugu, na gharama zinaendelea, lakini ni subira inayomlinda mgonjwa dhidi ya hukumu ya mapema. Familia inayojua hivyo hukataa kwa ujasiri ushauri wa kumwondoa mgonjwa kwenye mashine au kumrudisha mlimani kabla wakati haujafika.

Kuna pia upande wa pili. Mchochota ukipoa na vimeng’enya vikirudi, dawa huanza kuondoka upesi. Mgonjwa aliyetulia jana leo huweza kuhangaika, kuvuta bomba, kuzungumza maneno yasiyopangika au kutowatambua watoto wake. Kuchanganyikiwa huku ni kwa kawaida miongoni mwa watu waliougua sana, na kwa wengi huisha polepole. Hakuna haja ya kukuhusisha na uchawi wala laana. Msaada mkubwa wakati huo ni sauti anayoizoea: mwambieni mtulizane, kwa Kisambaa kama ndiyo lugha ya nyumbani kwake, yuko wapi, ni siku gani, na nani yuko kando yake.

Wajibu na haki za ndugu wa mgonjwa

Ndugu wana nafasi katika tiba hii, na tunawaomba waishike.

Siku ya kwanza:

1. Leteni dawa zote alizokuwa akitumia mgonjwa, zikiwa katika pakiti au chupa zake, pamoja na kadi yake ya kliniki.
2. Semeni ukweli kuhusu dawa za kupunguza makali ya VVU, za kifua kikuu, za kifafa, za akili na za pumu. Kama jambo ni la siri, ombeni kuzungumza na daktari faraghani. Naye anabanwa na maadili ya kazi yake kuitunza siri hiyo.
3. Semeni pia kuhusu dawa za asili alizokunywa au kuchanjiwa, na kuhusu pombe. Mganga anauliza ili ajue ini limebeba mzigo gani.
4. Tajeni kama aliwahi kuugua ini au figo, au kama aliwahi kuchelewa kuamka baada ya nusukaputi.

Siku zinazofuata, mnayo haki ya kuuliza:

1. Mgonjwa wetu anapewa dawa gani ya usingizi, na kwa sababu gani?
2. Kipimo kimepunguzwa au kusimamishwa lini?
3. Ini na figo zake zinafanya kazi kwa kiasi gani? Mchochota unapanda au unashuka?
4. Je, kuna dawa nyingine anayopewa inayoweza kurefusha usingizi?
5. Mnatarajia aamke lini, na asipoamka hatua itakayofuata ni ipi?

Ni vema familia imteue msemaji mmoja, awe shangazi, mjomba au mtoto mkubwa, ambaye ndiye atakayeuliza na kuwafikishia wengine majibu. Habari ikipita midomo mingi kutoka Tanga hadi Mlalo, hufika ikiwa habari nyingine. Majibu yasiporidhisha, muoneni muuguzi kiongozi wa wodi, kisha mganga mfawidhi wa hospitali. Kuuliza si utovu wa adabu.

Msimpe mgonjwa kitu chochote kwa siri: uji, maji, dawa ya asili au kidonge cha nyumbani. Mtu asiye na fahamu kamili hushindwa kumeza, na kitu hicho huingia mapafuni. Zaidi ya hayo, dawa ambayo daktari haijui haiwezi kuingizwa katika hesabu yake.

Tahadhari nyumbani

Elimu hii ina faida hata kwa wasiofika katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Diazepamu, ambayo wengi huiita valiamu, hutolewa kwa cheti cha daktari. Usimpe mgonjwa wa homa kali kidonge kilichobaki cha mtu mwingine ili “apumzike.” Mwili wake huweza kushindwa kukiondoa, kupumua kwake kukadhoofika, na wahudumu wa afya wakashindwa kutambua kama usingizi ni wa dawa au wa malaria iliyopanda kichwani. Mgonjwa wa homa anayesinzia isivyo kawaida apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, usiku ama mchana.

Kwa wale wanaotumia dawa kila siku, hususani teofilini au aminofilini kwa pumu, na klozapini kwa maradhi ya akili, maambukizi makali huweza kupandisha kiwango cha dawa katika damu ingawa kipimo hakijabadilika. Mkipatwa na homa kali, kisha mkaona kutapika, mapigo ya moyo kwenda mbio, kutetemeka au usingizi mzito, nendeni kwa mganga na dawa zenu mkononi. Msiiache dawa wala kuipunguza kwa shauri lenu wenyewe, kwani kuikata ghafla nako kuna hatari yake.

Mkishuku kwamba dawa imemdhuru mtu, mwambieni mhudumu wa afya aliyemtibu. Taarifa za madhara ya dawa hupokewa pia na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuzitoa. Taarifa ya namna hiyo hailengi kumwadhibu mtu. Kutokana na taarifa nyingi zilizokusanywa pamoja ndipo hujulikana ni dawa gani inahitaji tahadhari, kwa mgonjwa gani, na katika hali gani.

Mambo ya kukumbuka

- Mchochota mkali hulifanya ini lipunguze vimeng’enya vinavyoiondoa dawa ya usingizi. Hivyo dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi.
- Homa ikishuka, ini huhitaji siku kadhaa kurudi katika kazi yake ya kawaida.
- Kuchelewa kuamka peke yake hakuthibitishi kosa, wala hakuthibitishi kifo. Lakini ni lazima kuchunguzwe, na familia ina haki ya kuelezwa yaliyochunguzwa.
- Dawa zote za mgonjwa, za hospitali na za asili, zitajwe tangu siku ya kwanza.
- Uamuzi wa kusitisha matibabu usifanywe ilhali dawa ya usingizi haijaondoka mwilini.

Tunawatakia subira wote wanaongoja kando ya vitanda, na tunawaombea wagonjwa wao wapande tena mlimani wakiwa na afya njema.